Mteja Humleta Mteja: Mjadala wa Kyela Kuhusu Kujuana, Sifa na Biashara Ndogo

Katika mafunzo mengi ya ujasiriamali yanayotolewa nchini Tanzania, mfanyabiashara mdogo hushauriwa akuze biashara yake kwa kujuana na watu: ajiunge na vikundi, asikose shughuli za jamii, amtunze mteja wa leo ili naye alete mteja wa kesho. Ushauri huo hutolewa kana kwamba ni mpya, ilhali katika bonde la Kyela na kando ya mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, kuanzia Kasumulu kwenye mpaka wa Malawi hadi Matema chini ya milima ya Livingstone, biashara ndogo ya mchele, samaki, ndizi na vyungu imekuwa ikitegemea kujuana kwa muda mrefu kuliko mafunzo yenyewe. Swali lenye uzito, kwa hiyo, si kama kujuana kunaleta wateja, kwa kuwa hilo halibishaniwi, bali ni kunawaleta kutoka umbali gani, na nani hubaki na faida pale sifa ya bidhaa inaposafiri mbali kuliko jina la anayeiuza.

Mjadala unaofuata umepangwa katika sauti tatu, na ya nne inayoingia mara moja tu. Sauti hizo si za watu waliohojiwa; ni misimamo inayosikika katika biashara za aina hii, iliyovishwa kazi za watu ili kila mmoja aonekane anatetea nini. Mchuuzi ni mama anayenunua mpunga kwa wakulima, anaukoboa na kuuza mchele. Mwalimu anafundisha somo la biashara. Afisa, aliye mdogo kwa umri kuliko wote, anashughulikia ushirika. Maneno mawili yaelezwe mapema. Kupendekezwa, kama neno linavyotumika hapa, ni mtu kumwelekeza mwenzake kwa muuzaji anayemfahamu, akitanguliza heshima yake mwenyewe kama dhamana isiyoandikwa. Mali kauli ni bidhaa inayochukuliwa kwa ahadi ya mdomo kwamba italipiwa ikishauzwa, bila hundi, bila riba, na mara nyingi bila hata kipande cha karatasi.

MCHUUZI: Anayetaka kuielewa biashara ya mchele asianzie dukani, aanzie mashineni. Kwenye mashine ya kukoboa ndiko mkulima, mchuuzi, dalali, mbeba magunia na mnunuzi wa lori wanakokutana, na mnunuzi aliyetoka Mbeya au Dar es Salaam akishuka kwenye gari haulizi bei kwanza, bali humuuliza mwenye mashine ni nani mwenye mzigo mzuri. Jibu la mwenye mashine ndilo tangazo. Mnunuzi atachota punje kiganjani, atapuliza pumba, atanusa, atavunja punje mbili tatu kwa meno ili ajue kama mpunga ulikauka sawasawa au ulikobolewa ungali na unyevu, kisha atatazama chenga, yaani punje zilizokatika, ambazo zikizidi hushusha bei. Lakini baada ya ukaguzi wote huo, gunia lililofunguliwa ni moja, na mengine arobaini yameshonwa mdomo. Hayo arobaini ananunua kwa neno la mwenye mashine, na mwenye mashine hawezi kulitoa neno hilo ovyo, kwa sababu lori likirudi na malalamiko halimwendei mchuuzi, linamwendea yeye.

Vivyo hivyo kwa mtaji. Benki itataka hati ya nyumba au kiwanja. Mkulima wa Ipinda au Ngonga atataka kujua mchuuzi ni mtoto wa nani, ameolewa wapi, na mwaka jana alilipa au alikwepa. Akiridhika, anatoa magunia kumi kwa mali kauli, na mchuuzi aliyeanza na fedha ya magunia mawili anaondoka na kumi na mawili. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na mchuuzi mwenye mchele mzuri na ulimi wa kweli hana haja ya kipaza sauti.

MWALIMU: Mama amelieleza jambo la mashine kwa ukamilifu, na kwa kulieleza hivyo ameonyesha pale biashara yake inapokwama. Mnunuzi wa lori anamjua mwenye mashine. Mchuuzi hamjui mnunuzi. Siku mwenye mashine akigombana na mchuuzi, au akiamua kununua mpunga mwenyewe, au kijana wake akiingia katika biashara hiyo hiyo, mchuuzi atabaki na mchele mzuri na hatakuwa na mtu wa kumtaja mnunuzi akiuliza nani ana mzigo mzuri. Kupendekezwa kwa namna hiyo ni kuazimwa mteja, na cha kuazima hurudishwa.

Kuna pia tatizo la pili, ambalo wanasosholojia wamelichunguza kwa makini. Mwaka 1973 Mark Granovetter, msomi wa Marekani, alichapisha makala kuhusu nguvu ya mahusiano hafifu, akimaanisha mahusiano ya watu wanaofahamiana kwa mbali, kinyume cha ndugu na marafiki wa karibu. Alipowauliza watu waliopata kazi kupitia mtu wanayemjua walikuwa wakionana naye mara ngapi, asilimia 16.7 tu walisema mara kwa mara, asilimia 55.6 walisema mara chache, na asilimia 27.8 walisema kwa nadra sana. Sababu si fumbo. Marafiki wa karibu hujua mambo yale yale na watu wale wale; anayefahamika kwa mbali huishi kati ya watu wengine na kwa hiyo huleta habari ambazo hazijafika. Mchuuzi anayewategemea jirani, shemeji na wenzake wa kwaya atapendekezwa mara mia kwa watu walewale hamsini. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 221,490 katika wilaya ya Kyela, na hakuna kwaya yenye waimbaji wa idadi hiyo.

Tena wale hamsini ni wateja wa gharama. Shemeji hapimiwi sawa na mgeni; huongezewa juu ya kipimo, hukopeshwa hadi mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi hauna tarehe. Kumdai ni kumvunjia heshima, na kutomdai ni kula mtaji. Mali bila daftari hupotea bila habari, lakini katika biashara za kujuana daftari lenyewe huonwa kuwa dalili ya kutoaminiana, hivyo mtu hulificha chini ya kaunta na kuandika usiku.

Kabla Mchuuzi hajajibu, inafaa kusimama kidogo kwenye historia, kwa kuwa hoja ya mahusiano ya karibu na ya mbali ina mizizi ya pekee katika nchi ya Wanyakyusa, wenyeji wa bonde hili. Godfrey na Monica Wilson, wanaanthropolojia waliofanya utafiti huko kati ya mwaka 1934 na 1938, walikuta utaratibu ambao haukuwa na mifano mingi barani: vijiji vya rika. Wavulana wa umri wa miaka kumi hivi walianza kujenga vibanda vyao pembeni mwa kijiji cha baba zao, wakakua pamoja, wakaoa, na makazi yao yakawa kijiji kamili, ambacho majirani wake waliunganishwa na umri badala ya ukoo. Monica Wilson aliueleza utaratibu huo katika kitabu alichokichapisha mwaka 1951, naye alisisitiza matokeo yake mawili yanayohusu hoja hii. Kwanza, chakula na maongezi vilikuwa vya wanarika, ambao walikaa pamoja. Pili, ng'ombe, ambao ndio waliokuwa mali, walikuwa wa ndugu, na ndugu walitawanyika katika vijiji mbalimbali. Kwa maneno mengine, jamii hiyo ilitenganisha watu wa kula nao na watu wa kumiliki nao mali. Vijiji vya rika kwa sura ile ya zamani vimekwisha, na si haki kumfanya kila mchuuzi wa leo kuwa mrithi wa kitabu cha anthropolojia. Hata hivyo, ukoo uliotawanyika bado upo, na Mchuuzi anaushika mara moja.

MCHUUZI: Mwalimu anazungumza kana kwamba ndugu wote wanakaa mtaa mmoja. Ndugu wa mtu wa Kyela yuko Tukuyu, Mbeya, Tunduma, Dar es Salaam, na ng'ambo ya mto Songwe, kwa kuwa Wangonde wa Karonga na Wanyakyusa ni watu wa jamaa moja waliogawanywa na mpaka. Mijini watu wa Kyela wana vyama vya kuzikana na kuozana, na katika kila msiba wanakutana watu ambao hawajaonana miaka mitatu. Huyo msomi wa Marekani angekaa matanga mawili angeandika kitabu kinene zaidi. Mtu anayeonekana mara moja kwa mwaka msibani ndiye anayesema kwamba binti yake amefungua mgahawa huko Sinza, Dar es Salaam, na anahangaika kupata mchele usiochanganywa. Namba ya simu inatolewa hapo hapo, na kwa kuwa fedha sasa inatumwa kwa simu, gunia la kwanza hupakiwa kwenye basi baada ya malipo kuingia. Konda ndiye posta, konda ndiye shahidi kwamba mzigo umepakiwa, na konda naye ana jina la kulinda.

Ama kuhusu shemeji, Mwalimu hajakosea. Lakini mashemeji hao hao ndio wanaochanga moto unapounguza stoo.

Hoja hiyo ya Mchuuzi ni nzito kuliko inavyosikika, maana inaonyesha kwamba ukaribu wa damu na ukaribu wa kuonana si kitu kimoja: ndugu anaweza kuwa, kwa kipimo cha Granovetter, mtu wa mbali, huku akibaki na wajibu wa ndugu. Ni mchanganyiko ambao utafiti wake, uliofanywa katika kitongoji cha Boston, haukuwa na sababu ya kuutazama. Udhaifu wake uko kwingine, na Afisa ndiye anayeuibua, akianzia kwenye zao jirani.

AFISA: Kwa heshima yako, Mama, Kyela ina mazao mawili yanayofundisha mambo mawili tofauti. Mchele huuzwa kwa kujuana, na kakao huuzwa bila kujuana. Mkulima wa kakao akishapasua maganda, akazivundika mbegu pamoja na utelezi wake chini ya majani ya migomba au ndani ya masanduku ya mbao kwa siku tano hadi saba, akazianika hadi zikakauka, hupeleka mzigo wake katika chama cha msingi cha ushirika wa mazao, kile kinachoitwa AMCOS. Mzigo unapimwa, unakaguliwa, unaingia ghalani, na mkulima anapewa hati inayoonyesha uzito na daraja. Huo ndio mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao msingi wake ni sheria ya mwaka 2005. Kisha hufanyika mnada, wanunuzi wanashindana, na aliyetaja bei ya juu ndiye anayechukua. Mnunuzi hahitaji kujua mkulima ni mtoto wa nani. Anahitaji kujua daraja na uzito.

Kabla ya hapo kakao ilikuwa kama mchele. Mchuuzi aliyejuana na familia alifika mwezi wa shida, ada ya shule ikidaiwa na mgonjwa yuko hospitali, akanunua zao likiwa bado mtini au mbegu zikiwa mbichi, kwa bei aliyoipanga yeye, na akashukuriwa kwa ukarimu wake. Jambo hilo si la Kyela peke yake. Kusini kwenye korosho linaitwa kangomba, Kagera kwenye kahawa linaitwa butura, na kote linaingilia mlango mmoja, mlango wa mtu anayejulikana. Mwaka 2024, pale bei ya kakao duniani ilipovuka dola 10,000 kwa tani kwa sababu mavuno ya Ivory Coast na Ghana yalianguka, mnadani bei ilisikika na kila mtu. Mkulima aliyekuwa ameuza mtini kwa rafiki hakuwa na cha kusikia.

MCHUUZI: Mwanangu ameeleza vizuri lakini amekata kipande. Mkulima anayevundika kwa siku zote zinazotakiwa na kugeuzageuza mbegu, na yule anayevundika siku mbili kwa haraka, wakiwekwa daraja moja mizigo yao inamwagwa pamoja. Jasho la ziada la yule wa kwanza limeingia katika rundo, na hakuna mnunuzi wa Ulaya atakayerudi kumwulizia. Ghala linalinda bei na linafuta jina. Tena fedha ya ghalani huja baada ya mnada, na mgonjwa hasubiri mnada. Huyo anayelaaniwa kwa kununua zao mtini alikuwa mlangoni saa mbili usiku akiwa na fedha mkononi, na ghala lilikuwa limefungwa.

MWALIMU: Hapo ndipo penye mgogoro wote, na haufai kupitwa haraka. Mama anasema ghala linafuta jina. Tuulize basi jina la mchuuzi wa mchele linafika wapi. Methali aliyoitanguliza ni kwamba kizuri chajiuza. Mchele wa Kyela ni mzuri, una harufu inayomtangulia mpishi hadi kwa jirani, na kweli umejiuza: katika masoko ya Dar es Salaam neno Kyela huandikwa kwenye kipande cha boksi na kuchomekwa juu ya rundo la mchele, na bei ya rundo hilo huwa juu. Lakini umejiuza kwa faida ya nani? Malalamiko kwamba mchele wa sehemu nyingine huchanganywa na wa Kyela, au huuzwa kwa jina la Kyela pasipo hata punje moja ya Kyela ndani yake, ni ya miaka mingi. Mwenye rundo anaweka cha juu, yaani anaongeza juu ya bei ya kununulia kiasi ambacho sifa ya Kyela imemwezesha kuongeza, na hakuna senti ya hicho cha juu inayorudi Ipinda.

Mchumi George Akerlof alieleza mwaka 1970, kwa mfano wa magari yaliyotumika, nini hutokea pale muuzaji anapojua ubora wa bidhaa na mnunuzi hawezi kuujua. Mnunuzi, akihofia kudanganywa, hutoa bei ya wastani. Mwenye bidhaa bora huona bei hiyo haimlipi, naye hujitoa au huanza kuchanganya. Ubora hushuka, na bei ya wastani hushuka nao. Kujuana ndiyo dawa ya zamani ya ugonjwa huo, kwa maana mnunuzi anayemjua muuzaji hahitaji kuujua mchele. Dawa hiyo, hata hivyo, huisha nguvu pale mnyororo wa wanaojuana unapokatika, na mnyororo wa mchele hukatika kwenye lori. Mwenye mashine anamjua mchuuzi, mwenye lori anamjua mwenye mashine, dalali wa sokoni anamjua mwenye lori. Mama wa nyumbani anayenunua kilo mbili hamjui yeyote. Anachokijua ni neno lililoandikwa kwenye boksi.

Uamuzi wa mwandishi katika hatua hii unaegemea upande wa Mwalimu, ingawa si kwa sababu zote alizozitoa. Kyela haijakosa kupendekezwa. Pengine hakuna wilaya nyingi nchini ambazo bidhaa zake hutajwa kwa jina na watu wasiowahi kufika, tena kwa sifa. Kinachokosekana ni kiungo kati ya pendekezo hilo kubwa, lililo tayari na lisilolipiwa, na mchuuzi mmoja mmoja, ambaye anahangaika kujuana na mtu wa hamsini na moja ilhali maelfu ya watu wasiomjua wanaomba kile alicho nacho. Ushauri wa kuongeza marafiki haugusi pengo hilo hata kidogo.

AFISA: Wenzetu wa India walikutana na pengo kama hilo kwenye mchele wa Basmati. Mwaka 2016 jina hilo lilisajiliwa nchini humo kama alama ya asili ya kijiografia, yaani haki ya kisheria inayolifunga jina la bidhaa na eneo inakotoka, ili anayelima nje ya eneo lililotajwa asilitumie. Chai ya Darjeeling ilitangulia kusajiliwa mwaka 2004. Ushirika wenye nguvu ndio unaoweza kulipigania jambo la namna hiyo. Mchuuzi mmoja hawezi.

MCHUUZI: Na hadi ushirika utakapomaliza kulipigania, mwanangu, wajukuu watakuwa wanakoboa. Halafu alama ya eneo italinda jina la Kyela lisitumiwe na wa mbali, lakini haitamtenganisha mchuuzi wa Kyela anayechanganya na asiyechanganya. Wezi wengine wa jina hilo wanaamkia hapa hapa.

Ni nadra mtu kusema hivyo mbele ya watu, na Mchuuzi anastahili kupewa haki yake kwa kulisema, maana mijadala ya aina hii hupenda kumweka mdanganyifu mbali, sokoni Dar es Salaam, asiko na shangazi wa kumtetea. Wakati huo ndipo sauti ya nne inapoingia. Ni ya mfinyanzi, mwanamke wa Kikisi. Wakisi wanaishi kwenye ukingo mwembamba kati ya ziwa na milima, mashariki ya Matema, na wanawake wao ni wafinyanzi wanaojulikana kote katika nyanda hizo. Vyungu vyao husafirishwa kwa mitumbwi hadi gulio la Lyulilo, linalofanyika siku ya Jumamosi, na kutoka hapo huchukuliwa na wachuuzi.

MFINYANZI: Chungu hakiwezi kuchanganywa. Mnunuzi anakiinua, anakigonga kwa kidole, kikilia vizuri anajua hakina ufa, kikilia kama boga anakirudisha. Hahitaji kuambiwa na mtu. Mkono wa kila mama unaonekana kwenye shingo ya chungu na kwenye michoro yake, na wachuuzi wazoefu wanajua kipi ni cha nani kabla hawajauliza. Lakini kikishafika Mbeya kinaitwa chungu cha Kyela, basi. Mama aliyekifinyanga hakumbukwi, ingawa hakuna aliyedanganya.

Kwa maneno hayo machache mfinyanzi anatenganisha mambo mawili ambayo wasemaji waliotangulia waliyafunga pamoja. Kuna ubora ambao mnunuzi hawezi kuuona mpaka achelewe, kama wa mchele ulioshonwa guniani, na huo unahitaji mtu wa kuudhamini. Kuna ubora unaojionyesha wenyewe, kama wa chungu, na huo hauhitaji mdhamini, bali bado unahitaji anwani, la sivyo mnunuzi aliyeridhika hana pa kurudi. Biashara ya kupendekezwa hufanya kazi zote mbili kwa pamoja pale watu wanapoonana uso kwa uso, na ndiyo maana wengi hawatambui kwamba ni mbili. Bidhaa ikishapanda lori, lazima kila kazi itafutiwe chombo chake.

MWALIMU: Anwani ni rahisi kuliko Mama anavyodhani. Jina la biashara husajiliwa BRELA, wakala unaosajili biashara na kampuni, na alama ya biashara inaweza kusajiliwa huko huko chini ya sheria ya mwaka 1986. Mfuko wa kilo tano wenye jina, namba ya simu na mahali mchele ulikokobolewa unafika hadi jikoni kwa mteja bila kumpitia mwenye mashine, mwenye lori wala dalali. Mfuko huo ukipendwa, mteja ndiye anayempigia mchuuzi, na anayemwonyesha jirani yake mfuko amependekeza kwa namna ambayo haihitaji shangazi wala msiba.

MCHUUZI: Mfuko wa kilo tano unataka mzani, mshono, mashine ya kuchambua mawe na chenga, na stoo isiyovuja katika wilaya ambayo mvua yake inajulikana. Huo ni mtaji wa watu wengi, si wa mtu mmoja. Na tukisharudi kwenye watu wengi, tumerudi kwenye kujuana.

Kauli hiyo inagusa taasisi ambazo mjadala ulikuwa ukizizunguka. VICOBA, yaani benki za kijamii ambamo wanachama hununua hisa kila wiki, hukopeshana kutoka katika sanduku lao na kugawana mwishoni mwa mzunguko, huendeshwa kwa kudhaminiana: mwanachama hakopi mpaka wenzake wakubali kubeba deni lake. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliviingiza vikundi hivyo katika mfumo rasmi kwa kuviweka daraja la nne. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia nne kwa vikundi vya wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisimamishwa mwaka 2023 baada ya kasoro za urejeshaji na vikundi hewa, kisha ukarejeshwa mwaka 2024. Vikundi hewa, yaani vilivyoundwa kwenye karatasi ili kupata fedha, ni ushahidi wa kusikitisha kwamba kudhaminiana hakuwezi kuamriwa: majina matano yanaweza kuandikwa kwenye fomu moja na watu hao wasiwe na jambo lolote la kupoteza mmoja wao akikimbia.

AFISA: Kwa hiyo Mama anakubali kikundi, mradi kisiitwe ghala?

MCHUUZI: Kikundi cha wachuuzi saba wanaojuana kwa mchele, si kwa damu. Kila mmoja mchele wake ukaguliwe na wenzake sita kabla haujaingia kwenye mfuko wenye jina la wote, na ndani ya jina hilo kila mfuko uwe na namba ya aliyeujaza. Anayechanganya anajulikana kwa namba, wenzake wanarudisha fedha ya mteja, naye anawalipa wao au anatoka. Shemeji akitaka kuingia, akaguliwe kama wengine.

MWALIMU: Hilo ni ghala, Mama. Ni ghala dogo lenye majina.

AFISA: Na ukaguzi wa wenzake sita utadumu mpaka lini? Msimu wa kwanza watafungua kila gunia. Msimu wa tatu, mmoja akiwa amemwoza binti kwa mwenzake, nani atamwambia mkwe kwamba mchele wake una mawe?

Swali hilo halipati jibu la moja kwa moja. Mchuuzi anasema kwamba mkaguzi anaweza kuwa mwenye mashine, alipwe kwa kila gunia analolipitisha na akatwe kwa kila mfuko unaorudi, ili neno lake, ambalo tangu mwanzo lilikuwa likiuza mchele wa watu wengine bure, liwe na bei inayojulikana na hasara inayojulikana. Mwalimu anauliza mwenye mashine atakubali vipi kufanya kwa malipo ya wazi kile anachonufaika nacho kwa siri, ikiwa ni pamoja na cha juu anachopewa na wanunuzi wa lori. Mchuuzi anajibu kwamba mashine si moja, na kwamba yule mwenye mashine mpya, aliyefungua karibuni na ambaye malori hayajazoea kusimama kwake, ndiye wa kwenda kuzungumza naye.